Akili ni Nywele: Mtoto wa Shule ya Msingi na Mafunzo ya Akili Unde

Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga. Methali hii hutajwa aghalabu panapozungumziwa adabu za watoto. Hata hivyo, inaafiki vilevile jambo geni ambalo limewafikia watoto wa shule za msingi kabla ya kuwafikia wengi wa walimu wao. Tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipozinduliwa, mitambo ijibuyo maswali, itungayo insha na ifasiriyo lugha imeingia majumbani kupitia simu za wazazi. Mwanafunzi wa Gredi ya Tano ambaye hapo awali angemwendea nyanya yake amfumbulie methali, sasa huweza kuiuliza simu. Nayo simu humjibu papo hapo, kwa Kiswahili chenye mtiririko, bila kusita. Isipoifahamu methali hiyo, huweza kumbunia maana. Akitaka nyingine inayofanana nayo, huweza kumbunia methali ambayo haijapata kutamkwa na mhenga yeyote kutoka Lamu hadi Busia. Mtoto huinakili daftarini na kuipeleka shuleni. Nyanya asipojua hukiri kwamba hajui, au humwelekeza mjukuu kwa mwingine ajuaye. Mtambo haujafunzwa vyema adabu hiyo.

Mtoto huyo, basi, amekwisha kukutana na akili unde. Linalosalia kuamuliwa ni nani atakayemwelimisha kuihusu, kwa lugha gani na katika somo lipi. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya jukumu hilo ni ya mwalimu wa Kiswahili. Kwamba mafunzo yenyewe yanaweza kuanza bila tarakilishi hata moja. Na kwamba wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wakilipuuza jambo hili, litafundishwa kwa Kiingereza pekee, na kwa wale tu ambao wazazi wao wana uwezo.

Safari ya vifaa

Historia fupi ya teknolojia katika shule za msingi za Kenya ina funzo. Mwaka 2013 serikali iliingia madarakani ikiwa na ahadi ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Utekelezaji ulianza 2016 kwa sura ya vishikwambi, na zaidi ya vifaa milioni 1 vikasambazwa katika shule za umma. Mtaala wa Umilisi, ambao ulianza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, uliutaja ujuzi wa kidijitali kuwa mmoja wa umilisi saba wa kimsingi. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini iliidhinisha mafunzo ya usimbaji kwa shule za msingi na za upili. Machi 2025 serikali ikazindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030.

Hatua hizi zastahili pongezi. Hata hivyo, zote zinaelekea kulichukulia jambo hili kuwa la vifaa kwanza, na lugha yake kuwa Kiingereza. Somo linalotegemea kifaa hufa pamoja na kifaa. Katika shule nyingi vishikwambi viliishia kufungiwa kabatini kwa ukosefu wa umeme, kwa hofu ya wizi, au kwa sababu mwalimu hakuandaliwa vya kutosha kuvitumia. Isitoshe, kuanzia Gredi ya Nne masomo mengine yote hufundishwa kwa Kiingereza, na Sayansi na Teknolojia ni mojawapo. Mtoto wa kijijini ambaye angali anapapasa lugha hiyo hubebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja: dhana mpya na lugha ngeni.

Kuna tofauti ya msingi ambayo mjadala huu hausisitizi vya kutosha. Kumfundisha mtoto kuhusu akili unde ni jambo moja. Kumfundisha mtoto kwa kutumia akili unde ni jambo jingine. Katika mwongozo wake wa Septemba 2023, UNESCO ilipendekeza umri wa chini wa miaka 13 kwa wanafunzi wanaotumia mitambo hiyo darasani. Watoto wengi wa Gredi ya Kwanza hadi ya Sita hawajafikisha umri huo. Wapo wanaodhani kwamba pendekezo hilo linaondoa haja ya mafunzo katika shule ya msingi. Ukweli ni kinyume chake. Mtoto hufunzwa hatari za mto kabla ya kuachwa avuke peke yake. Miaka ya shule ya msingi ndiyo miaka ya kumwandaa, ili atakapofika umri wa kuitumia mitambo hii awe tayari anajua ni kitu gani.

Istilahi na mizigo yake

Mafunzo hayo huanza na jina. Kiswahili cha leo kina istilahi tatu zinazoshindana: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Ya pili inasikika sana Tanzania. Ya kwanza na ya tatu husikika pande zote mbili za mpaka. Kwa mwanaisimu, ushindani huu ni jambo la kawaida katika ukuzaji wa istilahi. Kwa mwalimu wa watoto, ni somo lililokwisha kuandaliwa.

Neno "bandia" mtoto analijua. Noti bandia ni kosa la jinai, lakini meno bandia humsaidia babu kutafuna. Mwanasesere naye huitwa mtoto wa bandia, na hakuna msichana anayeshtakiwa kwa kumbeba. Mwalimu akiliuliza darasa iwapo akili bandia inafanana na noti au na meno, atapata mjadala ambao vitabu vya teknolojia haviwezi kuuzua kwa urahisi. Neno "unde" nalo hutokana na kitenzi "unda", kama vile "teule" litokanavyo na "teua". Mafundi huunda jahazi. Chochote kilichoundwa kina muundaji, na muundaji ana nia yake, mali yake na mapungufu yake. Swali la kwanza ambalo mtoto anapaswa kujifunza kuuliza limo ndani ya istilahi yenyewe: ni nani aliyeiunda? Hii ndiyo sababu makala haya yanaipendelea istilahi hiyo ya tatu.

Neno "akili" pia lina uzito wake. Waswahili husema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii yaweza kumfafanulia mtoto jambo ambalo wataalamu hulieleza kwa kurasa nyingi. Mtambo hauna nywele zake. Ulichovaa ni nywele za bandia zilizoshonwa kutokana na vichwa vya watu wengine: vitabu, magazeti, barua, mazungumzo na tafsiri zilizoandikwa na mamilioni ya watu. Zaweza kupendeza kuliko nywele halisi, lakini hazikuota kichwani pake.

Sarufi vilevile ina la kuchangia. Ngeli za Kiswahili humlazimu msemaji aamue iwapo anachokizungumzia ni kiumbe au ni kitu. Mwanafunzi akisema kwamba akili unde "amesema", ameiweka katika ngeli ya A-WA pamoja na mwalimu wake na mama yake. Akisema "imeandika", ameirejesha katika ngeli ya I-ZI inakostahili, pamoja na saa, kalamu na tarakilishi. Sahihisho hilo dogo la upatanisho wa kisarufi ni sahihisho la fikra pia. Mtoto aliyezoea kusema "imekisia" badala ya "ameniambia" hatakuwa mwepesi wa kuiamini simu kama anavyomwamini mzazi. Pingamizi kwamba katika ngano wanyama na hata mawe husema halina uzito. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi za Sungura na Fisi anajua kwamba Sungura hasemi. Asemaye ni mtambaji. Yafaa afunzwe kumtafuta mtambaji aliye nyuma ya mtambo.

Darasa lisilohitaji umeme

Namna mitambo hii inavyofanya kazi yaweza kuonyeshwa katika kipindi kimoja cha kusikiliza na kuzungumza. Mwalimu aseme, "Haraka haraka haina..." Darasa zima litajibu, "Baraka!" Aseme, "Haba na haba..." Litajibu, "Hujaza kibaba!" Kisha aulize ni wangapi waliowahi kuona kibaba, au wanaojua kwamba ni kipimo cha nafaka. Huenda mikono michache ikainuliwa. Watoto watakuwa wamegundua wenyewe kwamba mtu anaweza kukamilisha sentensi kwa usahihi pasi na kujua maana yake, mradi amesikia maneno hayo yakifuatana mara nyingi. Mtambo wa lugha hufanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa mno: hutabiri neno linaloelekea kufuata kutokana na matini tele uliyopitishiwa.

Hatua ya pili ni sentensi isiyo na jibu moja: "Mama amekwenda..." Mmoja atasema sokoni, mwingine kazini, mwingine shambani, mwingine hospitali. Mwalimu aandike majibu ubaoni na kuyahesabu. Jibu lililotajwa na wengi ndilo ambalo mtambo ungeelekea kulichagua. Na je, kama vitabu vyote ulivyosomeshwa vilimweka mama jikoni? Hapo watoto watakuwa wamefikia suala la upendeleo, ambalo huwashughulisha watafiti katika vyuo vikuu.

Suala hilo lina mfano ambao Kiswahili hukionyesha kwa uwazi. Kiwakilishi "yeye" hakibainishi jinsia. Mitambo ya kutafsiri ilipoletewa "Yeye ni daktari", mara nyingi iliandika kwa Kiingereza kwamba ni mwanamume. Ilipoletewa "Yeye ni muuguzi", ikaandika kwamba ni mwanamke. Hakuna aliyeiambia hivyo. Ilifuata mkondo wa maandishi iliyolishwa. Mwaka 2018 Google ilianza kutoa tafsiri zote mbili kwa sentensi za aina hii kutoka Kituruki, lugha ambayo, sawa na Kiswahili, haitofautishi jinsia katika viwakilishi vyake. Msichana wa Gredi ya Sita anayetamani kuwa daktari ana haki ya kujua kwamba mtambo unaweza kumbadilisha kuwa mwanamume ndani ya sentensi ya maneno matatu.

Hatua ya tatu ni utata wa maneno. "Ndege ametua" na "ndege imetua" ni sentensi mbili zenye nomino moja. Mbuzi ni mnyama na pia ni kifaa cha kukunia nazi. Watoto waulizwe wao hutambuaje maana iliyokusudiwa. Watataja upatanisho, muktadha, na lile wanalolijua kuhusu ulimwengu kwa kuuona na kuugusa. Mawili ya mwanzo mtambo unaweza kuyapata katika maandishi. La tatu unalipata kwa masimulizi ya wengine tu, maana haujapata kumchunga mbuzi wala kukuna nazi.

Jambo la mwisho ni siri. Mtoto afundishwe kwamba kuandika jina lake, shule yake, maradhi ya ndugu yake au kupachika picha yake katika programu si sawa na kumnong'onezea rafiki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa. Sheria hiyo si pambo. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ikiwa shule zenyewe huteleza, mtoto hawezi kuachwa ajifunze kwa kuumia.

Mikono iliyounda

Swali la muundaji lina majibu yaliyo karibu kuliko inavyodhaniwa. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi jijini Nairobi, chini ya kampuni iliyopewa kandarasi na OpenAI, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na uchafu, ili mtambo ufunzwe kuyaepuka. Mtoto mdogo hahitaji kuelezwa yaliyomo katika maandishi hayo. Anaweza kuelezwa kwamba adabu ya mtambo ilitokana na kazi nzito ya watu, na kwamba baadhi yao ni wananchi wenzake.

Upo pia mfano wa kutia moyo. Watafiti wa vyuo vikuu vya Kenya, kikiwemo Chuo Kikuu cha Maseno, walikusanya kongoo ya Kencorpus, ambayo maelezo yake yalichapishwa 2022. Ina matini zenye takriban maneno milioni 5.6 ya Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, pamoja na rekodi za sauti. Miongoni mwa mahali data ilikokusanywa ni shuleni. Ikilinganishwa na bahari ya maandishi ya Kiingereza, kongoo hiyo ni kisima. Hata hivyo, inathibitisha kwamba lugha hizi huingia katika mitambo pale tu wenyewe wanapojishughulisha. Mtoto anayeandika insha safi ya Kiswahili leo anaongeza tone katika kisima hicho. Anayenakili insha ya mtambo anaurudishia mtambo makosa yake.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba shule zisizo na madawati hazina nafasi ya anasa hii, na kwamba mtoto ajue kusoma kwanza. Hoja hii ina ukweli mwingi. Hakuna busara katika kununua tarakilishi mahali pasipo na choo. Lakini mafunzo yaliyoelezwa hapa hayagharimu zaidi ya chaki, na yote ni mazoezi ya kusoma, kusema na kufikiri. Tena mtoto wa shule maskini ndiye atakayedhurika zaidi asipoyapata, kwa kuwa huenda nyumbani hana mtu wa kumwonya.

Wengine watasema kwamba mwalimu wa Kiswahili hajui hisabati iliyo nyuma ya mitambo hii. Hilo nalo ni kweli, na sehemu hiyo ni ya mwenzake wa hisabati na sayansi. Lakini kinachomfikia mtoto kupitia simu ni lugha: sentensi, methali, hadithi, tafsiri. Mwalimu aliyesomea maana, muktadha na sarufi ana zana za kuichunguza lugha hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la mzigo wa walimu. Mtaala wa Umilisi umewaongezea kazi ya tathmini na maandalizi, na madarasa yangali na watoto wengi. Kwa sababu hiyo, haifai kubuni somo jipya. Hata Beijing, ambako kuanzia Septemba 2025 mafunzo haya yamekuwa ya lazima tangu shule ya msingi, kiwango kilichowekwa ni angalau saa 8 kwa mwaka. Vipindi viwili au vitatu kwa muhula, ndani ya mada zilizopo za methali, ngeli, msamiati wa teknolojia na utunzi wa insha, vinatosha kuanzia.

Wajibu wa wanafunzi na wahadhiri

Vyama vya Kiswahili vyuoni vina uzoefu wa makongamano, mijadala na ziara za shuleni. Uzoefu huo unaweza kuelekezwa katika mambo matatu. Kwanza, kuandaa orodha fupi ya istilahi za akili unde zinazofaa watoto, zikiwa na maelezo mepesi na mifano ya sentensi, badala ya kungoja zitafsiriwe na kampuni za kigeni. Pili, kuandika hadithi na michezo ya kuigiza ya watoto inayolishughulikia jambo hili. Uwanja huo ungali mtupu kwa kiasi kikubwa. Tatu, kushirikiana na vyuo vya walimu wa shule za msingi, ambavyo tangu 2021 vimekuwa vikitoa mafunzo ya stashahada, ili walimu wapya wahitimu wakiwa wamejaribu vipindi vya namna hii.

Katiba ya 2010 iliitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza mtoto kitu kilichomo mfukoni mwa babake itabaki kuwa lugha ya kura na ya salamu. Uwezo huo Kiswahili kinao. Kinachokosekana ni watu wa kukitumia darasani.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto aliye katika Gredi ya Kwanza leo atamaliza shule ya upili katika nchi ambayo barua za kazi, matokeo ya vipimo vya hospitali na pengine maamuzi ya mikopo yatapitia mitambo hii. Kama hatakuwa amefunzwa kuuliza ni nani aliyeiunda, kwa maneno ya nani, na inajuaje inachokisema, atakuwa mtu wa kuambiwa tu. Maswali hayo matatu yanaweza kufundishwa kwa chaki na methali, kuanzia muhula ujao.